Kigari cha waya kilichowashinda wapima akili

Kama umekulia Tunduma, Mpemba au Vwawa, huenda uliwahi kusukuma kigari cha waya. Bodi ya waya uliookotwa, magurudumu ya kandambili iliyochakaa, usukani mrefu unaofika kifuani. Wengine walitengeneza lori zima na tela lake, kwa kuyatazama tu malori yanayopanga foleni kuvuka kwenda Nakonde. Kumbuka hicho kigari, tutakirudia.

Sasa matokeo ya kidato cha sita yametoka, umesema nyumbani kwamba unataka kusoma saikolojia. Mjomba anacheka: "Usome akili za watu? Halafu nani akuajiri?" Swali la mjomba ni halali. Lakini kabla ya kulijibu, hebu tuangalie elimu hii ilivyofika huku kwetu, maana haikuja na sifa nzuri.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers kuhusu akili ya Mwafrika. Huyu alikuwa amesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kwa miaka zaidi ya kumi. Alimlinganisha Mwafrika mzima, asiyeumwa chochote, na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha andiko lake kuhusu Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa zaidi kama tatizo la akili zao. Kwa wazazi na mababu zetu, mtaalamu wa akili alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mambo yalianza kugeuka ng'ambo ya uzio wa Tunduma. Zambia ilipata uhuru 1964, na Chuo Kikuu cha Zambia kikaanza kupokea wanafunzi 1966. Robert Serpell, kijana Mwingereza, alifika Lusaka katikati ya miaka hiyo ya 1960, akakuta vipimo vya kutoka Ulaya vinawapa watoto wa Zambia alama za chini, hasa vile vya picha na michoro. Wengi wangeishia hapo na kusema basi, watoto hawana uwezo. Yeye alijiuliza: je, tunapima akili, au tunapima mazoea ya kushika kalamu?

Akawalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Aliwataka wanakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, hapakuwa na tofauti ya maana. Na kwa waya? Wa Lusaka wakawaacha mbali wenzao. Matokeo yalichapishwa 1979. Kumbe kile kigari ulichofokewa kwamba unapotezea muda wa kusoma kilikuwa kinajenga uwezo ambao kipimo cha karatasi hakiwezi kuuona.

Chuoni hapo hapo kulitengenezwa kipimo kinachoitwa Panga Muntu. Sihitaji kukutafsiria sana: mtoto anapewa udongo, anaambiwa atengeneze mtu.

Serpell alikwenda pia vijijini kwa Wachewa, mashariki mwa Zambia, akawauliza wazee: nyumba ikishika moto na wapo watoto hawa tu, ungemtuma nani akaite watu? Na kwa nini huyo? Majibu yalirudi kwenye neno *nzelu*, yaani akili, lakini ndani yake mna mambo mawili: werevu, na utayari wa kutumwa na kuaminika. Mwerevu asiyeaminika hana *nzelu* kamili. Mwulize bibi yako Mnyiha au Mnyamwanga kama mtoto mjanja asiyetumika ana akili, usikie atakavyokujibu.

Kwa upande wa Tanzania, kundi la akina Robert Sternberg na Elena Grigorenko lilifanya utafiti Bagamoyo, uliochapishwa 2002. Watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, wakapimwa tena. Alama zikapanda. Somo la muda mfupi tu! Fikiria ni wangapi walioitwa wazito kwa sababu ya ile alama ya kwanza.

Haya, turudi kwa mjomba. Mwambie ukweli kwamba shahada ya kwanza haikufanyi mtaalamu wa tiba ya akili. Kwa hilo utaendelea na shahada ya uzamili, kwa mfano Muhimbili. Ila shahada ya kwanza inaweza kukupeleka kwenye ushauri nasaha shuleni au kwenye vituo vya afya, kwenye miradi ya VVU inayowafuata madereva wa masafa marefu, rasilimali watu, utafiti, na baadhi ya nafasi za ustawi wa jamii. Tangazo la kazi lisome mpaka mwisho, kwani waajiri wengine wanataka shahada ya ustawi wa jamii yenyewe. Ajira si nyingi, na mimi siwezi kukudanganya.

Lakini tazama kazi yenyewe. Mtoto akishtakiwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka afisa ustawi wa jamii aandike taarifa kumhusu kabla mahakama haijaamua afanywe nini. Mwanafunzi akifeli mfululizo, mtu anaitwa aseme kama ni mzito, ana njaa, au haoni ubaoni. Vipimo vingi anavyokuta mtu huyo mezani bado vimetungwa mbali, kwa lugha nyingine, kwa watoto waliokua na kalamu za rangi. Ni nani atakayevikagua upya kwa Kiswahili, kwa mtoto wa Tunduma aliyekua na waya mkononi?

Ukienda kusoma, kihifadhi hicho kigari. Kama kimeshapotea, nenda pale malori yanaposimama, utawakuta wadogo zako wanakunja vingine.