Kisiwa Kilichozama na Nusu Maili ya Msitu

Bibi yangu hajawahi kuiona bahari. Amezaliwa Kibosho, ameolewa Kibosho, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda msibani Same. Lakini tangu nikiwa mdogo aliniambia kwamba maji ya mfongo unaopita nyuma ya migomba yetu si yetu. Tunayaazima. Zamu yetu ikiisha tunaziba kwa magome ya mgomba na udongo, nayo yanaendelea na safari yake.

"Yanaenda wapi, Bibi?"

"Kwa wengine. Mwisho wake chumvini."

Shuleni, Moshi mjini, nilifundishwa habari hiyohiyo kwa ramani. Theluji inayeyuka Kibo, mito inashuka, Kikuletwa na Ruvu zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani unaendelea peke yake mpaka Bahari ya Hindi. Nilichora mshale mrefu wa bluu kuanzia kwenye kofia nyeupe ya mlima hadi pembeni mwa daftari. Mwalimu alinipa vema kubwa nyekundu.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mbele ya mlango wa mto ule palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Maziwe, na kwamba kisiwa kile kilizama. Hakikuzama zama za kale. Kilizama kati ya miaka ya 1970 na 1980, wakati mama yangu akiwa shule ya msingi. Nilijua papo hapo maana yake, au nilidhani najua: sisi wa juu tumeyanywa maji, tumeyafungia mabwawa, na kule chini kisiwa kimekufa. Nikafunga begi kwenda Pangani nikiwa na makala nzima tayari kichwani. Ni kosa ambalo kila anayeandika hulilipia siku moja.

Njia ya kutoka Moshi kwenda Pangani si ngeni kwa historia. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipanda kutoka Pangani hadi Uchagani kufuata bonde hilohilo la mto. Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kwenye vitabu vyote kwa kufika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mwaka mmoja kabla yake alikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim akaachiwa kwa fidia. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani hapo Pangani Desemba 1889, miezi miwili tu baada ya Meyer kusimama Kibo. Tuliopita shule za Moshi tunaijua sana nusu ya kwanza ya hadithi hii.

Pangani nilivuka kwa kivuko hadi Bweni, halafu pikipiki hadi Ushongo. Asubuhi ya bamvua nahodha mmoja, mzee wa makamo mwenye kofia ya ukili, akakubali kunipeleka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka kwenda kisiwani?" Akacheka kidogo. "Twende, lakini usichelewe kushuka. Kisiwa chenyewe hakikai."

Hakutania. Maji yalipokupwa, mbele yetu lilitokea fungu la mchanga mweupe, tupu kabisa, bila jani wala kivuli. Pembeni yake maji yalikuwa ya kijani, na chini ya kijani kile palikuwa na matumbawe: mengine kama pembe za paa, mengine kama meza, mengine mviringo kama vichwa. Vipepeo wa baharini walipita wawili wawili. Tasi walining'inia mahali pamoja. Pono, samaki mwenye mdomo kama wa kasuku, alikuwa akikwangua mwamba, na ukizamisha kichwa unamsikia kabisa akitafuna. Baada ya saa chache maji yakajaa, na pale tulipokuwa tumekaa kula mihogo pakawa bahari.

Mahali hapo palikuwa na msitu. Sio kichaka: msitu wa mivinje, ambako wavuvi walipiga dago na kulala. Na ufukwe wake ulikuwa mashuhuri kwa kasa. Aina tatu zilitagia hapo, kasa wa kawaida, ng'amba na kigome, na wataalamu waliofika miaka ya mwanzo ya 1970 walikihesabu kisiwa hiki miongoni mwa mahali muhimu kabisa pa kutagia katika pwani yote ya Tanzania. Kisha mivinje ikakatwa. Mwishoni mwa muongo ule mawimbi ya maji makubwa yalikuwa yanapita juu ya kisiwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Leo Maziwe ni eneo tengefu la bahari kwa sheria. Sheria inalinda miamba, samaki, na fungu ambalo mara mbili kwa siku halipo.

Nikamuuliza nahodha swali nililokuja nalo: je, si kwa sababu mto umepungua? Si mabwawa, si sisi wa juu?

Alichota mchanga akaumimina kwenye kiganja changu. "Huu umeutoa mlimani kwenu?"

Niliutazama vizuri. Mchanga wa mito yetu ni mweusi, wa volkano. Ukiushika Karanga unakuachia rangi vidoleni. Huu ulikuwa mweupe, vipande vya makombe na tumbawe lililosagwa. Ndipo nikamkumbuka yule pono. Anakwangua mwamba kutafuta mwani, anameza na mawe, anasaga, na kinachotoka nyuma yake ni mchanga. Maziwe ni kazi ya pono, ya mawimbi na ya matumbawe yaliyokufa kwa karne nyingi. Matumbawe yalikizaa kisiwa, na matumbawe hayohayo yalivunja nguvu ya mawimbi kisifagiliwe. Mivinje ilishika kile kilichorundikana. Walioichunguza habari hii hawakubaliani kwamba miti peke yake ndiyo sababu. Wanataja pia kubadilika kwa mikondo na kupanda kwa usawa wa bahari. Lakini mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika kusi inapovuma.

Basi mshale wangu wa bluu haukufika Maziwe. Hilo halitusafishi sisi wa juu. Mto kweli umepungua, na watu wa bonde la chini wanakijua kinachotokea: maji ya chumvi hupanda mtoni na kuharibu minazi na mashamba. Ila kisiwa hakikufa kwa deni letu, na radhi niliyobeba kutoka Kibosho haikuwa na wa kuipokea.

Nilirudi Moshi nimenyimwa makala yangu. Na hapo, nikisoma upya mambo ya nyumbani, nikagundua kwamba hata kichwa cha ule mshale hakikuwa sahihi. Ni kweli kwamba barafu ya Kilimanjaro inaisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takribani asilimia 85. Lakini mchango wake kwenye mito yetu ni mdogo sana. Maji ya Kibosho yanatoka msituni, kwenye mvua inayonyesha juu yake na ukungu ambao majani na kuvu za miti huukamata na kuudondosha tone kwa tone. Watalii wanapiga picha theluji, na sisi tunakunywa msitu.

Nilipomwambia Bibi, hakushangaa hata kidogo. "Nani alikudanganya kuwa ni theluji?" Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kumsikia akiisimulia, ya nusu maili.

Msitu wa Kilimanjaro ulifanywa hifadhi tangu enzi za Wajerumani, na Waingereza wakaendelea hivyo. Kwa watu wa vihamba, waliokuwa wakiongezeka huku ardhi haiongezeki, mstari ule uliwafungia kuni, majani ya ng'ombe na nguzo za nyumba. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ikakata ukanda wa nusu maili, kama mita 800, kwenye ukingo wa chini wa hifadhi, ukawekwa chini ya wenyeji. Baraza la Wachagga ndilo lililousimamia. Ilipandwa miti, ikatolewa vibali, ikauzwa mbao, na mwanamke wa Kibosho aliweza kuingia kuokota kuni kavu bila kukimbizwa. Bibi alikuwa binti wakati wa Mangi Mkuu Thomas Marealle, miaka ya 1950. Anakumbuka siku za kuingia, na anakumbuka kwamba aliyekata mti mbichi alijulikana kabla ya jioni.

"Nani alimkamata?"

"Mtu wa kukamata wa nini? Majirani wanaona kuni zake zinatoa moshi mweupe!"

Sitaki kuupaka rangi ukoloni. Ukanda ule ulitolewa na watu waliokuwa wamechukua msitu wote kwanza, na nia yao mojawapo ilikuwa kuwafanya wenyeji wawe walinzi wa bure. Lakini ulifanya kazi. Baada ya Uhuru mabaraza ya wenyeji yakavunjwa, usimamizi ukahamishwa kutoka mkono huu kwenda ule, na nusu maili ikawa ya serikali, maana yake kwa watu wengi ikawa haina mwenyewe. Sehemu zikalimwa, sehemu zikafyekwa. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, ikilinda zaidi eneo la juu ya msitu. Mwaka 2001 watafiti waliruka juu ya mlima kwa ndege ndogo wakakuta magogo ya miseri yaliyokatwa kwa wizi, matanuri ya mkaa na mashamba ndani ya msitu uliokuwa, kwenye karatasi, umelindwa kwa karibu karne nzima. Mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Ukataji umepungua sana tangu hapo. Bibi naye hajaokota kuni huko tangu hapo.

Hapo ndipo Maziwe iliponirudia kwa njia nyingine. Pwani ya Tanga imepitia habari hiyohiyo, ila kwa mlipuko. Uvuvi wa baruti ulikwishapigwa marufuku kwa sheria mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miongo. Mtu anarusha chupa yenye baruti iliyokusudiwa kupasulia mawe machimboni. Samaki wanakufa wakubwa kwa wadogo, wengi wao wanazama bila hata kuokotwa, na tumbawe lililochukua maisha ya watu wawili au watatu kukua linakuwa kifusi. Kwenye kifusi kinachotikiswa na mawimbi, tumbawe changa haliwezi kushika. Kuanzia mwaka 1994 mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga uliwakalisha wanavijiji wapange wenyewe ni mwamba upi ufungwe na upi uvuliwe, na wao wafanye doria. Kwa miaka kadhaa baruti ilinyamaza. Doria zilipolegea ikarudi, hadi serikali ilipounda kikosi kazi cha vyombo vyake mbalimbali mwaka 2015. Katikati ya hayo yote joto la bahari la mwaka 1998 lilikwishapausha matumbawe pwani nzima, jambo ambalo hakuna doria ingeweza kulizuia.

Moshi ina chuo cha wanyamapori pale Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, na kutoka mteremko wetu wamepita wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Tumezoea kufikiri uhifadhi ni tembo na simba. Hata silikanti, samaki wa tangu enzi za mijusi wakubwa, walianza kuonekana kwenye nyavu za Tanga mwaka 2003, na wakapata hifadhi yao ya bahari mwaka 2009. Pono hana hifadhi yenye jina lake. Wala mvinje.

Kuna jambo moja la Ushongo nimeliacha. Kasa hawajajua kuwa kisiwa kimezama. Bado wanapanda Maziwe usiku, wanachimba, wanataga kwenye mchanga utakaofunikwa na maji. Wanakijiji waliofunzwa na shirika la Sea Sense huvuka kwa boti, hufukua mayai, huyapanga kwenye ndoo na mchanga wake, na kuyazika upya kwenye ufukwe wa Ushongo. Nahodha wangu aliwahi kuyabeba. Aliniambia ndoo huishika kwenye mapaja njia nzima, maana yai la kasa likigeuzwa linakufa. Nikamuuliza kama analipwa. Akasema kidogo, akatazama injini, akaongeza kwamba baba yake aliyala mayai hayohayo, tena kwa chumvi.

Nilimsimulia Bibi. Alitaka kujua ndoo inachukua mayai mangapi, na kama kasa mama anajua watoto wake wamehamishwa. Sikuwa na jibu. Akauliza kama maji yetu niliyaona huko.

"Sikuyaona, Bibi. Bahari ni kubwa."

"Basi," akasema, akachukua jembe. Ilikuwa zamu yetu. Aliondoa magome ya mgomba mdomoni mwa mfongo, maji yakaingia shambani yakiwa na rangi ya chai hafifu ya majani ya msituni, akasimama akiyaangalia mpaka jirani wa chini alipopiga ukelele kuwa muda umekwisha.