Kamusi ya Dakta Krapf

Mwaka uliopita alinijia mwanafunzi ambaye tasnifu yake ilikuwa imerudishwa mara ya pili. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu aliyeshindwa mara mbili huendelea kwa nguvu gani?" Sikuwa na jawabu. Juu ya meza yangu ilikuwapo kamusi ya Kiswahili ya Dakta Johann Ludwig Krapf, iliyopigwa chapa London mwaka 1882. Nilimwonyesha mwaka huo, nikamwambia ya kwamba mtungaji alikufa Novemba 1881, wala hakukiona kitabu chake kikiuzwa. Kijana alicheka kidogo, akaenda zake. Habari niliyoikatiza siku ile nataka kuieleza hapa kwa taratibu.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen katika Ujerumani. Pwani yetu haikuwamo katika nia yake ya kwanza. Alikusudia kufanya kazi ya umisionari Uhabeshi, na hasa miongoni mwa Waoromo. Mwaka 1838 alifukuzwa Tigrai. Akaenda Shoa, akakaa miaka kama mitatu. Alipotoka mwaka 1842 njia ya kurudi ikafungwa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa nyikani katika safari za upande ule, akafa papo hapo. Ndipo alipozunguka kwa bahari akitumaini kuwafikia Waoromo kutoka kusini. Mapema mwaka 1844 Seyyid Said alimpokea Unguja na kumpa barua ya idhini, naye akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Basi huyu ambaye wanafunzi wa Kiswahili humtaja kama mmojawapo wa waanzilishi wa elimu yao alifika Mombasa kwa kuwa mlango alioutaka ulikuwa umefungwa.

Mwezi Juni mwaka ule alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi aitwaye Ali bin Muhyiddin. Mwezi uliofuata Rosine alijifungua binti, na katika siku chache mama na mtoto wote wawili walikufa kwa maradhi, naye Krapf mwenyewe yu taabani kwa homa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Alipopata nafuu alizirudia karatasi zake, na mwaka 1847 sura za mwanzo za tafsiri ile zilipigwa chapa Marekani.

Wako wasemao kwamba alikuwa na moyo wa chuma. Mimi sikubali. Katika maandishi yake mna manung'uniko mengi, na makusudi yake yalipita kiasi cha uwezo wake. Aliota mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hata ya magharibi, na hali nyumbani kwake hakuna mtu mzima wa afya. Lililomshikilia, kwa maoni yangu, lilikuwa jambo dogo zaidi. Nchi haigeuki kwa siku moja, lakini mgonjwa aliyelala kitandani aweza kumwuliza mgeni wake jina la kitu kimoja, akaliandika, na jioni akawa na neno ambalo asubuhi hakuwa nalo. Kazi ya maneno ilikuwa na kipimo cha kila siku. Kazi yake kubwa haikuwa nacho.

Agosti 1846 yeye na mwenziwe Johannes Rebmann walihamia Rabai, wote wawili wana homa. Miaka ikapita, na watu walioifuata dini yao walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, aliandika kuwa haiwezekani. Katika miaka hiyohiyo ya kudhihakiwa, Krapf alitoa huko Tübingen, mwaka 1850, sarufi fupi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1851 alikwenda Ukambani mara ya pili. Karibu na mto Tana msafara ulishambuliwa, na Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, akauawa. Krapf alikimbia peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha maji, akaujaza mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Mwaka 1853 afya ilimlazimu kurudi Ulaya. Alikuja tena mwaka 1862, akashindwa kukaa. Mwaka 1867 akafuata jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi, awe mkalimani, akarudi mgonjwa.

Karatasi za kamusi zilibaki zikiongezeka. Zilipotoka zilikuwa kitabu cha kurasa zaidi ya 400, nacho kilikuwa kimechelewa, maana Edward Steere alikwisha toa mwaka 1870 kitabu chake cha lugha ya Unguja. Krapf alikuwa ameandika Kimvita. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamusi ya mwaka 1939 ilipojengwa juu ya kazi ya Madan, ilionekana kana kwamba mzee huyu ameshindwa tena, na safari hii baada ya kufa.

Hata hivyo atakaye kujua jinsi Mombasa ilivyosema kabla ya reli na kabla ya shule hana budi kukifungua. Tahajia yake yachosha, na mahali pengine sikio la Mjerumani limemdanganya waziwazi. Lakini mna maneno yasiyopatikana katika kamusi zilizofuata, na chini ya neno moja mara nyingi mna habari ya desturi nzima. Aidha, alipeleka Halle miswada ya tenzi, miongoni mwayo Chuo cha Herekali.

Katika ukurasa wa kwanza wa kamusi limepigwa chapa jina la mtungaji mmoja tu. Ali bin Muhyiddin, aliyeketi na mgeni mgonjwa na kumfundisha, hakutajwa hapo. Wala hawakutajwa wale wa Rabai na Ukambani walioulizwa maneno yao miaka hiyo yote, wakajibu.