Kiongozi wa Upinzani (Kenya)

Ni mtu akabidhiwaye dhamana ya kukiongoza, ndani ya Bunge, chama kisichoshika dola. Wa kwanza baada ya uhuru alikuwa Ronald Ngala, Mgiriama wa Kilifi na kiongozi wa KADU, ambaye, baada ya kuutetea utawala wa majimbo kwa ufasaha na subira, alikivunja chama chake kwa hiari mnamo Novemba 1964, akahamia na wafuasi wake upande wa chama tawala, KANU, na viti vya upinzani vikabaki vitupu. Oginga Odinga alivikalia tena kwa jina la chama cha KPU tangu 1966, hata chama hicho kilipopigwa marufuku mwaka 1969.

Katiba ya 2010, kwa mujibu wa ibara ya 108, yamtambua mwenye dhamana hiyo kwa jina la Kiongozi wa Wachache. Na kwa kuwa mgombea urais aliyeshindwa hana kiti Bungeni, amri ya chama aghalabu hugawanyika. Ndivyo ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa 2013: Francis Nyenze, Kiongozi wa Wachache, alisema Bungeni, ilhali wafuasi, na pengine wabunge wenyewe, walimsikiliza Raila Odinga, mgombea urais aliyeshindwa, aliyekuwa nje.