"Nirushie Picha": Historia ya Kutuma Faili Bila Waya, na Amana Iliyomo Ndani Yake



Neno tunalolisikia kila siku dukani kwetu ni "nirushie". Bi harusi anakuja na picha ya gauni kwenye simu, sisi vipimo na michoro yetu imo kwenye laptopu. Hakuna waya wala flashi, na picha inafika. Tumezoea mpaka hatujiulizi imefikaje.

Leo tumeona tuandike historia yake, kwa sababu mbili. Kwanza ni historia nzuri, wamo ndani yake watu wa visiwani kama sisi na yumo mwanamke. Pili, mwaka juzi sisi wenyewe tulifanya kosa na picha za bi harusi wetu. Kisa hicho tutakisimulia mbele, msituache njiani.

Ilianzia visiwani

Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki, na ni jimbo la Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikuu chao kilikuwa na kompyuta kubwa katika kisiwa cha Oahu, na matawi yake yalitawanyika visiwani. Laini za simu zilikuwa ghali na hazitegemeki. Sisi tunaosubiri boti kwa kila kitu tunalielewa tatizo hilo bila kuelezwa.

Profesa Norman Abramson na wenzake wakaamua kuziunganisha kompyuta kwa mawimbi ya redio. Mtandao wao ulianza kufanya kazi Juni 1971, wakauita ALOHAnet, kwa salamu ya watu wa Hawaii.

Shida ilikuwa moja. Mashine nyingi zinatumia wimbi moja, na zikisema pamoja ujumbe unavurugika. Wakaweka kanuni nyepesi: kila mashine itume inapokuwa na la kutuma. Isipopata jibu kwamba ujumbe umefika, isubiri muda mfupi wa kubahatisha, kisha itume tena. Ni kama sisi siku ya kupamba. Wawili wakianza kusema pamoja, wote hunyamaza kidogo, halafu mmoja anaanza upya. Wi-Fi ya leo imerithi wazo hilo, ila yenyewe husikiliza kwanza kama kuna anayesema.

Mwanamke waliyemtazama uso tu

Hedy Lamarr alizaliwa Vienna mwaka 1914 akawa mwigizaji maarufu wa filamu Marekani. Watu walimsifia uzuri wake, lakini nyumbani alikuwa akibuni vitu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walibuni njia ya kuongoza kombora la majini kwa redio bila adui kulivuruga. Anayetuma na anayepokea waruke pamoja kutoka wimbi moja hadi jingine, kwa mpango wanaoujua wao tu. Walipendekeza mawimbi 88, idadi ya vibonye vya piano. Hati ya ubunifu wao ilitolewa tarehe 11 Agosti 1942.

Jeshi la majini halikuutumia ubunifu huo vitani. Na tuseme kweli, si yeye peke yake aliyewahi kufikiria kurukaruka kwa mawimbi. Lakini Bluetooth ilipokuja, ilitumia njia ya aina hiyo: katika mfumo wake wa kawaida huruka mara 1,600 kwa sekunde katika njia 79. Mwaka 1997, akiwa na umri mkubwa, Hedy alipewa tuzo kwa ubunifu wake. Alifariki mwaka 2000. Kila tukisoma habari zake tunawakumbuka mafundi wanawake wanaosifiwa umbo na hawaulizwi kazi ya mikono yao.

Simu zikitazamana

Kabla ya Bluetooth kulikuwa na infraredi, miale isiyoonekana kama ile ya rimoti ya televisheni. Kampuni zilikubaliana kanuni zake kuanzia mwaka 1993. Simu kadhaa za Nokia na laptopu nyingi za wakati ule zilikuwa na kidirisha cheusi ubavuni au kichwani. Unaziweka zitazamane, karibu karibu, na ukisogeza mkono tu kazi imekatika.

Ilichosha, lakini ilikuwa na sitara yake, maana aliyepokea ni yule aliyewekwa mbele yako.

Mfalme mwenye jino la buluu

Mwaka 1994 mafundi wa kampuni ya Ericsson katika mji wa Lund, Sweden, walianza kutafuta njia ya redio fupi ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mmoja wa waliobuni ni Mholanzi Jaap Haartsen. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaunda umoja wa kuisimamia. Jina lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel, kutokana na Harald wa Denmark, mfalme wa karne ya 10 aliyepewa lakabu ya jino la buluu. Anasifiwa kwa kuunganisha watu wake, nayo ilikusudiwa kuunganisha vifaa. Ile alama yake ni herufi mbili za kale, H na B, zilizobandikwa pamoja.

Sisi tulioingia skuli miaka ile tunaikumbuka vizuri. Kasida, nyimbo za taarab na picha za Idd zilipita simu kwa simu, na namba ya siri ilikuwa 0000 au 1234. Picha kubwa ya siku hizi, tuseme MB 5, ingechukua kama dakika nzima. Video ya harusi ungeiacha ukaenda kupika.

Wi-Fi yachukua mzigo

Kanuni za kwanza za Wi-Fi zilitoka mwaka 1997, na mwaka 1999 ikaja yenye kasi zaidi. Hapo mwanzo ilitumika zaidi kwa intaneti. Mwaka 2010 ikaja Wi-Fi Direct, ambayo huunganisha vifaa viwili moja kwa moja bila kifaa cha katikati. Zikaja programu za SHAREit na Xender, ambazo hapa kwetu kila mtu alikuwa nazo. Simu moja inafungua mtandao wake mdogo, simu nyingine au laptopu inajiunga. Wateja wetu mpaka leo huuliza kama bando linakatwa. Halikatwi, kwa sababu faili halipiti kwenye intaneti.

Apple walileta AirDrop kwenye kompyuta zao mwaka 2011, kwenye iPhone mwaka 2013, na mwaka 2014 iPhone na kompyuta zikaanza kurushiana. Google walileta Nearby Share kwenye Android mwaka 2020, ikafika kwenye kompyuta za Windows mwaka 2023, na mwaka 2024 ikaunganishwa na Quick Share ya Samsung.

Namna zinavyofanya kazi tunapenda kuieleza hivi: Bluetooth ni mshenga, Wi-Fi ni gari la kubebea vyombo. Bluetooth inapeleka habari na kuwakutanisha wawili. Wakishakubaliana, Wi-Fi inabeba mzigo. Ndiyo maana ukizima kimoja mara nyingi kazi haiendi.

Kosa letu

Mwaka juzi tulimshonea bi harusi mmoja, na siku ya kuimbiwa na kupambwa, wanawake watupu, mmoja wetu ndiye aliyempiga picha. Nywele wazi, mabega wazi, hina mpaka juu. Somo wake aliwakataza wengine wote simu. Sisi tuliaminiwa.

Mama yake akataka albamu. Laptopu yetu siku ile ilikuwa mbovu, tukaenda duka moja la kuchapisha. Tukarusha picha kutoka simuni kwenye kompyuta yao, zikachapishwa, tukalipa, tukaondoka. Kwenye simu tulifuta, tukajiona tumetimiza.

Siku ya tatu, shangazi wa bi harusi akaenda duka hilo hilo kutoa fomu. Kijana akafungua folda ya vilivyopokewa, na wa kwanza kuonekana ni mtoto wa kaka yake.

Tulirudi mbio. Mwenye duka akatusaidia kufuta, na pale kwenye kapu la takataka la kompyuta tukafuta tena. Kama kuna aliyenakili, Allah ndiye ajuaye. Tulipokwenda kuomba radhi, mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Wanangu, nguo mkiiharibu hushonwa nyingine." Bi harusi alitusamehe. Mdogo wake alipoolewa, nguo zilishonwa kwengine, na hatukuwa na la kusema.

Ndipo tulipoelewa. Tangu ALOHAnet mpaka AirDrop, wahandisi walishughulika na kitu kifike. Lakini kutuma si kuhamisha, ni kunakili. Ukitoa kanga yako sandukuni ukampa mtu, kanga ni moja tu. Picha ukiirusha zinakuwa mbili, na ya pili ipo mikononi mwa mwingine mpaka yeye aifute.

Tunachofanya sasa

Picha za faragha za bi harusi haziingii kompyuta isiyo yake au yetu. Simu zetu haziko wazi kupokea kutoka kwa kila mtu. Apple wenyewe mwaka 2022 waliweka kikomo cha dakika 10 kwa wanaojifungua kwa wote. Kabla ya kukubali tunasoma jina la kifaa, na namba ikitokea pande zote mbili tunahakikisha zinalingana. Tukimaliza tunafuta simuni, kwenye folda ya vilivyopokewa, na kapuni. Mwisho tunamwonesha mwenyewe kwa macho yake kwamba hakuna kilichobaki.

Dada zetu mnaoolewa, muulizeni fundi, mpiga picha na mpambaji: picha zangu zitapita wapi, na nani atazifuta? Si ujuvi kuuliza. Ni amana, na amana ina mwenyewe.

Allah azisitiri nyumba zetu na awape mabibi harusi wetu ndoa za kheri. Amin.