Kodi, Kipande na Leseni: Habari za Wenye Biashara Ndogo wa Matisi

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kitale akaingia Matisi, mtaa ambao leo ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Saboti katika kaunti ya Trans Nzoia, hupita mbele ya vinyozi, mafundi cherehani, wauzaji wa mbegu na mbolea, hoteli za chai na maharagwe, gereji za pikipiki na vinu vya kusagia mahindi. Na aghalabu, katika kila chumba cha biashara chenye mlango wa kufungika, huona hati zimetundikwa ukutani ili mkaguzi akija azione bila ya kuuliza. Wengi wa wenye vyumba hivyo ni wajukuu wa watu waliofika katika nchi hii kuwa vibarua wa mashamba ya walowezi, nao wakati ule hawakutundika hati ukutani, bali walizivaa shingoni.

Serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ilipotoa kanuni za kodi ya nyumba mnamo 1901, upande huu wa magharibi ulikuwa bado chini ya Uganda, ukahamishwa mwaka uliofuata. Kodi ilihesabiwa kwa rupia na kwa nyumba, hata mume mwenye wake watatu akawa na dhima ya nyumba tatu, na nyumba ya mjane nayo haikuachwa. Watu walipojibana wengi katika paa moja ili wapunguze hesabu, serikali ikajibu kwa sheria ya 1910 iliyomtoza kodi ya kichwa mwanamume asiyekuwa na nyumba, mradi awe ametimiza umri wa miaka 16. Wala makusudio hayakuwa ya kuijaza hazina pekee. Watawala na walowezi wa zama zile walisema waziwazi ya kwamba mwenye ng'ombe wake na wimbi lake hana haja ya ujira, na kwamba kodi itakayotakiwa kwa fedha taslimu ndiyo itakayomtoa kwake akatafute kazi. Kwa hiyo kodi ya kwanza iliyoijua nchi hii ilikuwa pia ni amri ya kuajiriwa, na sioni namna ya kuzifahamu sheria zote zilizofuata pasipo kulikumbuka hilo.

Nyanda za Trans Nzoia, walikokuwa wakichunga Wasabaoti na jirani zao, zilianza kukatwa kuwa mashamba ya Wazungu muda mfupi kabla ya Vita Vikuu vya kwanza, na baada ya vita wakaongezwa askari wa Kiingereza waliogawiwa ardhi kuwa thawabu ya utumishi wao. Reli iliwasili Kitale mnamo 1926, na mahindi yakawa ndiyo mali ya nchi. Wabukusu waliovuka kutoka upande wa Bungoma, na wengineo wengi, walikaa katika mashamba hayo kuwa maskwota, yaani kibarua akipewa kipande cha kulima na ruhusa ya kufuga, naye alipe kwa jasho lake; na sheria ya 1918 ilimlazimu kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikawapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuziongeza siku hizo na kuipunguza mifugo ya skwota na eneo alimalo, ikawa mtu aliyekuja na ng'ombe akitumaini kuwazidisha akaamriwa awauze.

Juu ya hayo palikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikatekelezwa baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika akapaswa kuchukua hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, majina ya mabwana aliowatumikia na mshahara aliolipwa, imefungwa ndani ya kijaluba cha bati na kutiwa ugwe wa kuvaliwa shingoni. Bwana asipotia sahihi ya kumwachilia mtumishi wake, mtumishi huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Tena mshahara wake wa zamani, ulioandikwa hapo, ulimnyima nafasi ya kudai zaidi. Taklifu hiyo ilikutana na nyongeza ya kodi, iliyopandishwa hadi kiasi cha shilingi 16, katika mwaka uleule wa 1921 ambao walowezi walipatana kuikata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi. Nyanza wakainuka. Mkutano wa Lundha, Desemba 1921, ulizaa chama kilichokuja kuitwa Piny Owacho, na baada ya gavana Northey kuwasikiliza watu mnamo 1922 kodi ikateremshwa hadi shilingi 12. Mwaka 1923, chini ya uongozi wa mmisionari Archdeacon Owen, chama kikageuzwa kuwa cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo, jina la Nyanza la enzi hizo. Na jina hilo nalipenda, kwa kuwa lilitangaza ya kwamba atoaye kodi anastahili kupata maelezo ya matumizi yake.

Huku upande wa Kimilili, Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa, dini iliyopinga utawala wa kikoloni, hawakuwa na subira ya vyama vya maombi. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Malakisi, wakafa 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishwa hadi Lamu, mwisho mwingine wa nchi.

Ama biashara, Mwafrika alifungiwa mlango wake kwa njia ya upole zaidi. Sheria ya 1926 iliwawekea wakopeshaji mpaka wa deni ambalo wangeweza kumdai mbele ya mahakama, ikatajwa kuwa ni hifadhi yake, ilhali matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka wa Kihindi hakuthubutu kumkopesha bidhaa za kutosha kufungua duka lake mwenyewe. Mahindi nayo yalitiwa chini ya udhibiti tangu 1942, Mzungu akilipwa bei iliyo juu ya ile ya Mwafrika. Na udhibiti huo ulirithiwa na serikali ya uhuru, hata mchuuzi wa Kitale aliyetaka kuvusha zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja kwenda nyingine akawa hana budi kuwa na kibali, mpaka vizuizi vilipoondolewa mwishoni mwa 1993.

Uhuru ulibadili wenye mamlaka upesi kuliko ulivyobadili sheria. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwazuia wasio raia wasifanye biashara katika baadhi ya mahali, na madirisha ya maduka mengi ya Kitale yakapata majina mapya. Kodi ya kichwa, ambayo siku hizo ilipandishwa kwa kadiri ya pato, iliziendesha halmashauri za wilaya, nazo zikasimamia shule za msingi, zahanati na barabara. Watu wakanung'unika, lakini walijua ni darasa lipi lililoezekwa kwa fedha zao. Januari 1970 serikali kuu ilizitwaa kazi hizo tatu, na 1974 kodi yenyewe ikafutwa. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Hata hivyo naamini ya kwamba siku hiyo ulikatika uzi uliomfunga mlipaji na kile alicholipia, na haujafungwa tena sawasawa mpaka leo. Mwaka 1989 ikaletwa ada ya huduma, ambayo mwajiri aliikata katika mishahara na kuipeleka kwa baraza, na baada ya miaka kumi hivi ikaondolewa. Ndipo kikaja kibali kimoja cha biashara, badala ya utitiri wa leseni, na hilo lilikuwa ni jambo la busara.

Tangu wakati huo mageuzi yamekuja kwa kasi isiyompa mtu muda wa kupumua. Kodi ya asilimia 3 ya mauzo, wala si ya faida, ilianza 2008. Mwaka 2019 ikaletwa badala yake tozo ya asilimia 15 ya bei ya kibali. Mwaka uliofuata kodi ya mauzo ikarudi, Aprili ikashushwa hadi asilimia 1, na Julai 2023 ikapandishwa tena hadi 3. Mwenye hoteli anayeajiri wasichana wawili na mpishi mmoja sasa anatakiwa akate mchango wa akiba ya uzeeni na kuongeza wake ulio sawa nao, akate asilimia 1.5 ya mshahara kwa tozo ya nyumba na kuongeza nyingine 1.5, na tangu Oktoba 2024 akate asilimia 2.75 ya bima ya afya. Fundi auzaye madawati kwa shule hudaiwa stakabadhi ya kielektroniki. Na kwa sheria ya Desemba 2024, muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni tano kwa mwaka, mnunuzi ndiye amwandikiaye stakabadhi hiyo.

Zamani chifu na askari wake ndio waliozunguka kukusanya kodi, na mlowezi ndiye aliyejaza kipande. Leo mwanamke wa Matisi mwenye sufuria nne na meza tatu amekuwa karani wa mifuko mitatu ya serikali, bila ya mshahara wa ukarani, na akikosea hesabu hutozwa faini. Simkatazi kuchangia akiba ya uzeeni ya mpishi wake, kwa kuwa mpishi huyo ana haki ya uzee wenye staha ambao babu yake skwota hakuupata. Nalalamikia kuwa sheria hugeuzwa kabla wale wanaoitekeleza hawajaizoea. Vijana walioingia barabarani Juni 2024, na kuufanya mswada wa fedha wa mwaka ule uondolewe, walisema jambo hili kwa sauti kubwa, na baadhi yao walilipa kwa roho zao.

Katiba ya 2010 imeamuru fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na kwa kushirikisha watu, na kila kaunti hupitisha sheria yake ya fedha inayotaja ada za vibali na za masoko baada ya kukusanya maoni ya wananchi. Mkutano wa namna hiyo ukifanywa asubuhi ya siku ya kazi, ndani ya ukumbi wa mjini, juu ya mswada ulioandikwa kwa Kiingereza, muuza mitumba hawezi kuhudhuria pasipo kulifunga duka lake. Ingefaa ufanywe sokoni Matisi, jioni, mswada usomwe kwa Kiswahili, na hesabu ya kilichokusanywa mtaani humo mwaka uliotangulia iwekwe mezani kabla ya ada mpya kutajwa.