Saruji Iteremkayo Kisimani

Aliyesimama ufuoni Uvira, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1980, akaelekeza uso wake upande wa kaskazini-mashariki, ng'ambo ya mto Rusizi, alikuwa akilitazama bonde la Imbo nchini Burundi, ambako kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili, cha Buringa na cha Rukaramu, ikitafuta mafuta katika ufa ule ule uliolizaa Ziwa Tanganyika. Mafuta ya kutosha kwa biashara hayakupatikana.

Kazi ile ya uchimbaji ina lugha yake, na sehemu iliyo nzito kuliko zote ni ile ya saruji. Kisima kikisha kuchimbwa huteremshwa bomba la chuma la kukinga kuta, kisha uji wa saruji husukumwa ndani ya bomba hilo hata ufike chini kabisa, upande tena kwa nje, ukaijaze nafasi iliyo baina ya chuma na mwamba, ili maji ya tabaka moja yasichanganyike na mafuta ya tabaka jingine. Mwaka 1903, huko Lompoc, California, Frank Hill wa kampuni ya Union Oil alimimina mifuko 50 ya saruji kisimani ili kuyazuia maji, akangoja siku 28 ndipo akaendelea kuchimba. Baadaye Almond Perkins akabuni vizibo viwili, kimoja kikiutangulia uji na kingine kikiufuata, usije ukaingiliana na tope la uchimbaji.

Mafundi wetu wa Uvira husema simenti, kwa kuwafuata Wafaransa na Wabelgiji, wala sioni aibu katika hilo. Lakini neno saruji, la asili ya Kiajemi, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, lina maana inayonipendeza mno, kwa kuwa Oman hadi leo ndilo jina la lipu ya udongo uliochomwa, ipakwayo katika mifereji ya maji iitwayo falaji ili maji yasipotee. Kumbe tangu awali neno hili lilikuwa na kazi ya kuyazuia maji, kazi ile ile aliyoitaka Hill! Watanzania nao, kwa uchimbaji wa visima, wana uchorongaji, neno zuri lililo tayari kutumika. Basi hakuna udhuru wa kuyaacha mambo haya katika Kifaransa peke yake.

Nalisema hili kwa wasiwasi wa kweli. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, baadhi yake vikiwa katika bonde la ziwa letu, na ingawa mnada huo ulifutwa Oktoba 2024, mafuta hayatasahauliwa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 na maji yake hubadilika polepole mno, kwa karne nyingi. Siku mkataba utakapoletwa Uvira, mvuvi wa ndagala asomewe kwa Kiswahili ni saruji gani itakayoteremshwa, kwa kina gani, na nani atakayeipima ikisha kuganda.