Magome ya Amani: Tarikhi ya Dawa Kupanda na Kushuka Usambara

Si mara moja ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja dawa zilizokwisha muda wake zikiwa zingali zimelala stoo, na ripoti hizo hizo zikataja vituo vya afya vilivyokosa dawa. Na msomaji anayezikuta khabari hizo mbili katika kitabu kimoja hana budi kujiuliza vipi nchi moja iwe na dawa ya kuteketeza na mgonjwa wa kurudi nyumbani mikono mitupu. Swali hilo, kwetu sisi wa Usambara, si geni. Umri wake umepita miaka 100, na mwanzo wake ni magome ya mti.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipoanzisha taasisi yao ya elimu ya mimea na kilimo huko Amani mwaka 1902, chini ya Franz Stuhlmann, walileta miche ya kila namna kutoka pembe zote za dunia, na miongoni mwake mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na ambao gome lake ndilo lililokuwa dawa ya homa ya malaria iliyotegemewa kuliko zote. Reli ndogo ilijengwa kutoka Tengeni hadi Sigi ili kuifikia milima ya Usambara, na reli kubwa ya Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, chini kabisa ya Lushoto, ambayo zama hizo iliitwa Wilhelmstal.

Vita vilipozuka mwaka 1914, na manowari za Waingereza zikaifunga pwani, dawa za Ulaya zilikatika, na Amani, iliyokuwa nyumba ya wataalamu na vitabu, ikageuka karakana. Katika miezi 18 ya mwanzo ilitoa aina 12 za dawa, sabuni vipande 10,000, na chupa 300 za mafuta ya mbarika, ambayo wengi wetu huyaita ya nyonyo. Illa lililokuwa na thamani kupita yote ni kwinini, kwani jemadari wa majeshi ya Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye kitabu chake cha kumbukumbu ndicho nilichokitegemea sana katika khabari hizi, alijua dhahiri kwamba homa itaweza kumwangushia askari wengi kuliko risasi.

Mwezi wa Juni 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia Wilhelmstal, Wadachi waliiacha milima lakini hawakuyaacha magome. Yalichukuliwa kwenda kusini, na vidonge vilipokosa mashine ya kuvitengeneza, magome yakachemshwa sufuriani, yakatoa maji machungu yasiyomezeka illa kwa kufumba macho, ambayo askari waliyabandika jina la pombe kali ya jemadari wao. Aliyewahi kutafuna kipande cha gome lile, kama nilivyotafuna mimi nilipokuwa kijana, anajua kwamba uchungu wake haukai ulimini tu, hushuka mpaka kooni na kukaa huko mchana kutwa. Jemadari ameyasifu maji hayo, na ana haki. Lakini wapagazi, waliobeba mizigo ya vita ile vichwani kwa mamia ya maili, na kufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, hawakupata mwandishi wa kuwataja kwa majina, na rai yangu ni kwamba tarikhi ya dawa katika nchi hii ingeanza nao.

Huko Ulaya nako ilionekana kwamba jeshi lile lapaswa kupelekewa msaada. Siku ya 21 Novemba 1917 merikebu ya hewani iitwayo L59 iliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, imepakia tani 15 hivi za dawa, silaha na vifaa vinginevyo, nayo yenyewe ilikusudiwa isirudi: turubai lake lishonwe mahema, na vitambaa vya ndani vichanwe bandeji. Ilivuka bahari, ikavuka jangwa la Misri, ikafika Sudani, na huko ikapokea kwa simu ya upepo amri ya kurejea, kwa khabari kwamba mahali pa kutua pamekwisha kuingia mikononi mwa Waingereza. Ikageuka na mzigo wake wote, ikatua ilikotoka siku ya 25, baada ya saa 95 angani; na siku hiyo hiyo von Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma, asijue kwamba dawa zake zimekuja zikarudi, naye akaendelea kupigana mwaka mzima mwingine. Mwenye mzigo alikuwa nao na mwenye haja alikuwa hai; kilichokosekana ni njia ya kuulizana.

Fumbo la L59 halikwisha na vita. Baada ya uhuru, mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa dawa muhimu kwa msaada wa Denmark na UNICEF, na kila mwezi zahanati za vijijini zikapelekewa boksi lililofungwa, lenye dawa zile zile kwa kila mahali. Lilikuwa jambo la kheri, kwani vijiji vingi vilikuwa havijawahi kupata dawa kwa utaratibu namna ile. Lakini boksi halikujua mwinuko. Malaria ya Mnazi, kule bondeni kwenye joto, si malaria ya Lukozi, ambako baridi humlaza mbu. Na boksi moja likipelekwa kote kuwili, lazima huku pazidi na kule papungue. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, ilikuja baadaye na utaratibu wa kituo kuagiza chenyewe kinachokihitaji, na sasa maombi hupita katika kompyuta.

Hata hivyo, karibuni niliingia stoo ya zahanati moja mlimani, ambayo sitaitaja, nikamwona muuguzi akipitisha kidole juu ya tarehe za maboksi, moja baada ya moja, na mawili akayatenga kando, kwa kuwa muda wake ulibakia miezi miwili na wagonjwa wa dawa ile kwake walikuwa wachache. Kwa pikipiki, zahanati ya bondeni iliyoweza kuwa na haja ya maboksi yale haikuwa mbali kupita saa moja na nusu. Mafuta ya pikipiki hayakuwa katika bajeti yake, wala hakuwa na karatasi ya kumwambia bondeni wamepungukiwa na nini.

Sisi ambao milima yetu iliwahi kuitibu nchi kwa magome, hatupaswi kuona haya kudai jambo dogo kama hili: kila mwezi, waganga wafawidhi wa zahanati zote wasomeane orodha, nani amezidiwa na nani amepungukiwa, na wilaya itenge lita chache za petroli. L59 ilisafiri kilomita zaidi ya 6,000 ikarudi na dawa zake. Maboksi mawili ya muuguzi yule yalihitaji kuteremka mlima mmoja tu.